Kutoka Lubumbashi hadi Bunkeya, tukiulizia kichwa cha Msiri

Jumatatu, Lubumbashi

Kabla hatujashika njia nilitaka mdogo wangu aone kwanza vitu ambavyo havikuondoka. Mazungumzo yote ya kurudishiwa mali za kale huanzia Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika kule Ubelgiji, kana kwamba kwetu hakukubaki hata kigae. Basi asubuhi, baridi ya Juni ikiwa bado kali, tukaingia Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, yeye na koti lake la chuo, mimi na daftari.

Jumba lilianzishwa 1946 na lilipewa jina la Leopold wa Pili, mfalme aliyejimilikisha Kongo bila kuikanyaga hata siku moja. Leo humo ndani kuna vyungu vilivyofukuliwa makaburini Sanga, kando ya ziwa Kisale, kuanzia 1957. Waliozikwa navyo waliishi miaka 1000 iliyopita, wengine kabla ya hapo. Mimi ni mwalimu wa historia, na kila mwaka wapo wanafunzi wanaofika darasani kwangu wakiamini kwamba historia ya Katanga inaanza na kampuni ya madini. Nikiwaleta mbele ya vyungu hivi sina haja ya kusema mengi.

Nilimsimamisha mdogo wangu mbele ya msalaba wa shaba. Una mikono minne iliyo karibu sawa. Kingo zake zinakwaruza kwa macho tu, maana shaba iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu ya udongo ikaachwa ipoe. Upande mmoja una tuta jembamba linalofuata mikono hadi katikati, na pembeni rangi imegeuka kijani. Misalaba ya namna hii ilikuwa pesa. Watu walibadilishana nayo mali, na midogo yake waliwalaza nayo wafu wao. Mwaka 1960 misalaba mitatu ya namna hii ilichorwa kwenye bendera ya Katanga ya Moïse Tshombe, ile iliyojitenga na Kongo.

"Yaya," akaniambia, kama kwetu anavyoitwa ndugu mkubwa, "mimi sipingi. Lakini vya Kinshasa viliibiwa. Vikirudi vingine vitaibiwa tena."

Hoja hiyo siikwepi, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973 akadai mali za kale zirudishwe, na kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilikabidhi vitu 114. Utawala wake ulipoanza kuporomoka, makumbusho ya Kinshasa yaliporwa, na baadhi ya vilivyorudishwa vikaonekana tena kwenye soko la sanaa huko Ulaya. Nilimuuliza swali moja tu: aliyevinunua alikuwa nani, na alikuwa akiishi wapi? Mwizi wa Kinshasa asingehangaika kubeba sanamu kama asingejua kwamba kuna sebule ya mtu inayoisubiri ng'ambo. Na mji huu wetu umepitia kujitenga kwa Katanga, vita na uporaji wa 1991, na msalaba uko hapo mbele yake.

Hakukubali. Tulitoka tukibishana hadi kituo cha basi kuulizia nauli ya Likasi.

Jumanne, barabara ya Likasi

Safari hii nimeipanga kwa ajili ya swali ninaloulizwa darasani kila ninapofundisha habari za Msiri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa na kukatwa kichwa 1891: kichwa chake kiko wapi? Nimechoka kulijibu nikiwa Lubumbashi. Nataka kusikia wanaloomba wale ambao kichwa hicho ni cha babu yao.

Basi liliondoka likiwa limejaa kupita kiasi. Barabara ya Likasi ni ya malori. Mengi yanakuja upande wetu yakiwa yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, yanashuka kuelekea Kasumbalesa na Zambia, kisha baharini. Pembeni vijana wanasukuma baiskeli zilizobeba makala, magunia manne au matano kwa baiskeli, miguu yao myeupe kwa vumbi.

Kama kilomita 50 kutoka mjini tulipita upande wa Shilatembo, na ndani ya basi sauti zilishuka. Huko ndiko Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walikopigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, aliikatakata miili na kuiyeyusha kwa asidi, akabaki na jino. Jino hilo lilikaa Ubelgiji hadi 2016, mahakama ilipolichukua kutoka kwa binti yake. Tarehe 20 Juni 2022 familia ya Lumumba ilikabidhiwa huko Brussels, na jeneza likazungushwa nchini. Lilifika hapa pia, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30.

Mama aliyekaa mbele yetu, mwenye ndoo ya samaki wa mikebuka miguuni, alisema alikuwepo siku jeneza lilipopita. "Jino moja tu, lakini tulilia kama mtu mzima amekufa jana." Sijasoma makala ya mtaalamu yeyote iliyonieleza jambo hili vizuri kuliko yeye. Ulaya ilikuwa ikituambia kwamba kurudisha ni suala gumu la sheria, la hali ya hewa ya vyumba, la nani ana haki ya kupokea. Jino likarudi ndani ya jeneza, na watu wakajua la kufanya bila kufundishwa.

Likasi tulifika jioni. Tulikula bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, kwa mama mmoja karibu na stesheni, tukalala mapema.

Jumatano, kuelekea Bunkeya

Njia ya vumbi kwenda kaskazini, pikipiki mbili, mgongo unauma. Miti ya miombo imeanza kupukutisha majani. Hakuna zaidi la kuandika juu ya njia yenyewe, kwa hiyo niandike juu ya tunakokwenda, kwa ajili ya msomaji wa Mombasa au Mwanza ambaye huenda hajasikia.

Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Garenganze, dola ya Wayeke. Msiri, kwa jina jingine Ngelengwa, hakuwa mzaliwa wa Katanga. Watu wake walitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba. Alikuja kama mfanyabiashara akawa mtawala; pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa vilipita mikononi mwake. Sitaki kumpaka rangi ya malaika. Wasanga walioishi chini yake walimuasi wenyewe kabla Mzungu hajafika na bunduki, na hilo nalo ninalifundisha.

Mwaka 1891 Leopold alimtuma William Grant Stairs, mwanajeshi mzaliwa wa Kanada, akaipeperushe bendera ya Dola Huru ya Kongo juu ya Bunkeya. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, alimpiga risasi Msiri, naye Bodson akapigwa papo hapo na mtu wa Msiri akafa. Watu wa msafara wakakikata kichwa cha mtawala, na mmoja wa wenzake Stairs aliandika baadaye kwamba kilitundikwa juu ya mti ili kila mtu akione. Msafara ukaanza kurudi pwani. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria Chinde, mdomoni mwa Zambezi, mwezi Juni 1892.

Baada ya hapo ni masimulizi. Wengine husema kichwa kilibebwa ndani ya debe. Wengine husema kila aliyekibeba alikufa njiani. Hakuna jumba la makumbusho lililowahi kukionyesha.

Alhamisi, Bunkeya

Mkono mtupu haulambwi. Tulikwenda kwa mzee mmoja wa ukoo tukiwa na sukari, sabuni na kitenge cha mama wa nyumba. Tulichuchumaa, tukapiga makofi polepole kama tulivyoelekezwa na mwenyeji wetu, tukangoja hadi alipotuambia tukae. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alipofahamu mimi ni mwalimu alianza kwa kuniuliza yeye: ninawafundisha nini watoto juu ya Msiri? Nilimwambia yote, pamoja na habari ya watumwa. Akatikisa kichwa. "Ndiyo. Usiwadanganye."

Nikamweleza nilichokuja kuulizia. Nikamwambia kwamba Februari 2022 waziri mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Kongo, Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren. Kwamba Juni mwaka ule mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa kubwa ya Wasuku iitwayo kakuungu, ambayo Tervuren iliichukua 1954, akaikabidhi kama azima isiyo na mwisho, kisha akaja Lubumbashi kuzungumza chuoni.

"Azima?" mzee akasema. "Yeye ndiye anatuazima?" Kisha akanyamaza kidogo. "Haya. Na kichwa?"

Hapo ndipo ilinibidi nimweleze jambo lililonipa uchungu nilipolisoma mara ya kwanza, na bado linanipa. Tarehe 3 Julai 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayokubali kwamba vitu vya wakati wa ukoloni vilivyoko mikononi mwa serikali yao vinaweza kutoka na kurudi kwa wenyewe. Sheria nzuri, yenye hatua, na wachache wa jirani zao wamefika pale. Lakini mabaki ya watu hayamo. Yameachwa nje.

Nilimpa mfano wa Lusinga, kwa kuwa habari zake zinajulikana hatua kwa hatua. Lusinga alikuwa chifu wa Watabwa upande wa ziwa Tanganyika. Desemba 1884 luteni Émile Storms, aliyekuwa na kituo chake Mpala, alituma watu wakamuua, wakamletea kichwa. Storms alirudi Ubelgiji na fuvu la Lusinga pamoja na mafuvu ya machifu wengine wawili, na vilevile na sanamu ya mti iliyotekwa katika shambulio lilelile. Sanamu imekuwa miaka mingi ikionyeshwa Tervuren kama kazi bora ya usanii wa Watabwa. Fuvu limewekwa Brussels, kwenye taasisi ya sayansi za viumbe. Kwa sheria ya 2022, sanamu ina mlango wa kutokea. Mwenye sanamu hana.

Mzee aliniomba nirudie. Nilirudia polepole, kwa Kiswahili cha Katanga, na mdogo wangu akasaidia.

"Basi hawajaelewa tunachoomba," akasema. "Sanamu mtu anaweza kuchonga ingine. Sisi tunaomba mutu."

Nilikuwa nimeweka akiba ya habari moja, na nikaona wakati wake umefika. Mkwawa, mtawala wa Wahehe kule Tanzania, alijiua 1898 ili asikamatwe na Wajerumani aliokuwa akipigana nao, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Ilichukua muda mrefu, lakini mwaka 1954 gavana Edward Twining alilipata kwenye makumbusho ya Bremen na kulileta mwenyewe Uhehe. Hadi leo liko Kalenga, nje kidogo ya Iringa, kwenye makumbusho madogo kijijini. Halikupelekwa Dar es Salaam.

"Mwaka 1954?" mzee akauliza. "Mzungu bado anatawala kule?"

"Bado anatawala, baba. Uhuru wao ni 1961."

Alicheka kwa mara ya kwanza, akamwita mke wake aje asikie. Mama alikuja na stuli yake, akasikiliza yote tangu mwanzo, na swali aliloliuliza mimi sikuwa nimelifikiria hata mara moja. "Ile orodha ya vitu 84,000. Bunkeya imeandikwa mule?"

Sikuwa na jibu. Mzee hakuwa nalo, wala mwenyeji wetu, wala vijana waliokuwa wamejikusanya mlangoni. Orodha imekabidhiwa kwa heshima zote, imepigwa picha, imeingia ofisini Kinshasa, na hapa hakuna aliyewahi kuuona ukurasa wake mmoja. Mama akaendelea, bila kupandisha sauti: "Banakuya, banauliza, banaandika, banaenda. Hatuyaona kintu."

Usiku nimekaa na taa ya simu naandika haya, na nitasema wazi ninaloliamini. Kurudisha kunakoishia uwanja wa ndege wa Kinshasa ni nusu ya kurudisha. Sheria ile ya Ubelgiji inazungumza na dola, mkataba kati ya serikali na serikali, na ninaelewa kwa nini. Lakini Storms na Stairs hawakuiba kutoka kwa dola. Waliingia kijiji chenye jina, siku yenye tarehe, wakachukua kitu cha watu ambao wajukuu wao wanajulikana na wanakaa palepale. Anayejua jina la kijiji alipochukua hawezi kudai kwamba hajui pa kurudisha.

Ijumaa, Bunkeya

Tulipelekwa kwenye makaburi ya watawala. Sitaeleza tulichoonyeshwa, tuliombwa tusipige picha na nadhani ombi hilo linahusu kalamu pia.

Njiani kurudi mdogo wangu alirudi kwenye mabishano yetu, safari hii kutoka upande mwingine. Kirudi kwa nani? Alitoa mfano wa Nijeria: Wajerumani walianza kurudisha shaba za Benin, ufalme wa kale ulioko Nijeria, mwishoni mwa 2022, na miezi michache baadaye rais akatangaza kwamba mwenye mali ni Oba, mfalme wa Benin. Ulaya wakashtuka, wakasema, kumbe tunaitoa kwa makumbusho inaishia kwa mtu binafsi.

"Na hapa itakuwa hivyo hivyo, Yaya. Kinshasa itataka, mkoa utataka, ukoo utagawanyika."

Huenda. Koo hugombana juu ya urithi kila siku, mashamba kwa nyumba kwa ng'ombe, na sijaona jirani anayekuja kukaa na shamba la marehemu hadi watoto wapatane. Ni ugomvi wetu. Tuachiwe tugombane tukiwa na kitu chetu mkononi. Wafaransa walipozirudisha hazina 26 za kifalme za Abomey mwezi Novemba 2021, wananchi wa nchi ya Benin, jirani ya Nijeria, walipanga foleni ndefu kuziona Cotonou. Wale watu walikuwa na maswali yaleyale ya nani atunze na wapi, na waliyajibu wakiwa kwao.

Sipuuzi kazi ya kutunza. Mti unaliwa na mchwa, na msimu wa mvua wa Katanga hauna huruma. Ninachokataa ni kutunza kugeuzwa kuwa sharti analolipima yule yule aliyechukua. Makumbusho ya Kinshasa yaliyofunguliwa Novemba 2019 yalijengwa kwa fedha za Korea Kusini, nchi isiyotudai wala kudaiwa chochote nasi katika jambo hili. Aliyetajirika na shaba yetu angeweza kuanza na chumba kimoja chenye mlango imara na mshahara wa mlinzi katika mji kama Bunkeya, au Moba kule kwa Watabwa.

Mchana vijana watatu walikuja kutuomba tuwaandikie majina yale: Storms, Stairs, Bodson, na tarehe zao. Mmoja aliyaandika nyuma ya daftari la hesabu. Nikampa na kifungu cha 246.

Jumamosi, Lubumbashi

Tumerudi usiku. Lori lilikuwa limeanguka kabla ya kuingia mjini na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo tulipata muda wa kuandika barua ndani ya basi, yeye akishika taa ya simu, mimi nikiandika juu ya goti. Ni barua ya walimu wa historia wa shule yetu, itakwenda wizara ya utamaduni Kinshasa, nakala kwa ubalozi wa Ubelgiji. Inaomba ile orodha ya vitu 84,000 igawanywe kwa mahali vilipochukuliwa, na kila kipande kipelekwe kwenye makao ya sekta na ya machifu, kwa Kifaransa na kwa lugha ya mkoa, Kiswahili kwa upande wetu. Inaomba serikali yetu iidai Ubelgiji ibadilishe sheria ya 2022 ili mabaki ya watu yaingie. Inaomba pia taasisi zote za Ubelgiji zenye mafuvu kutoka Katanga ziseme hadharani zina ya nani, ili watu wa Bunkeya wajue kama wanamtafuta Msiri mahali panapostahili.

Mdogo wangu bado anaamini vitu dhaifu visubiri majengo. Tumekubaliana kutokubaliana juu ya hilo, na barua haikuligusa. Lakini kabla sijaweka sahihi aliomba sentensi moja iongezwe, na ameiandika kwa mkono wake: kwamba sanamu ya Lusinga isirudishwe peke yake ikapigiwa makofi uwanja wa ndege, huku fuvu la Lusinga likibaki Brussels. Inapigwa chapa Jumatatu asubuhi.